Kubadili Kalibu Kwenye Presi: Muda Unaokolewa Wapi?



Katika karakana nyingi za chuma, bati na plastiki, ugomvi kati ya msimamizi na wafanyakazi hauanzi wakati mashine inafanya kazi. Huanza wakati mashine imesimama ili ibadilishwe itengeneze kitu kingine. Presi iliyokuwa ikitoa vifuniko vya makopo madogo asubuhi inatakiwa itoe vifuniko vya makopo makubwa mchana. Mafundi wamekusanyika, spana zinatafutwa, bolti moja haionekani, na msimamizi anatazama saa yake. Punde inasikika sauti: "Harakisheni!" Ni katika dakika kama hizo ndipo mfanyakazi hupoteza kidole au mkono.

Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo ya kubadili ilivyochunguzwa huko Japani, jinsi muda wake ulivyopunguzwa sana, na jambo ambalo kila mfanyakazi wa presi anapaswa kulijua: muda ule haukuokolewa kwa kuharakisha mikono ya watu wala kwa kuondoa kinga za mashine. Uliokolewa kwa kuandaa kazi mapema. Mwenye kujua hilo anaweza kumjibu msimamizi kwa hoja.

PRESI NA KALIBU ZAKE

Presi ni mashine inayopiga au kukandamiza. Ina meza chini, ina kichwa kinachopanda na kushuka, na katikati yake kuna kalibu, ambayo mafundi wengi huiita dai. Nusu moja ya kalibu hufungwa mezani na nusu nyingine kwenye kichwa. Bati likiwekwa katikati na kichwa kikashuka, bati hupata umbo la kalibu. Kwa hiyo presi moja inaweza kutengeneza sufuria, kifuniko, jembe au mlango wa gari, mradi ibadilishwe kalibu.

Ziko pia kalibu za hatua kwa hatua. Ndani yake mna vituo kadhaa vilivyopangwa mstari. Kituo cha kwanza hutoboa, cha pili hukunja, cha tatu hukata ukingo, na kadhalika. Kila kichwa kinaposhuka vituo vyote hufanya kazi kwa pamoja, kisha bati husogea kituo kimoja mbele. Hivyo kila pigo moja hutoa kitu kimoja kilichokamilika. Faida yake ni kubwa, lakini kupanga kalibu ya namna hiyo ni kazi ya uangalifu, maana kituo kimoja kikikosea vyote vinavyofuata hukosea.

Basi kubadili kalibu si kutoa chuma kimoja na kuingiza kingine tu. Ni kulegeza bolti, kuinua kalibu yenye uzito wa kilo nyingi, pengine tani kadhaa, kuileta nyingine, kuisawazisha, kupima urefu wa pigo, kufunga bolti, kujaribu kipande cha kwanza, kukipima, kurekebisha, na kujaribu tena. Kazi hii yaweza kuchukua zamu nzima.

KWA NINI MWAJIRI HUSUMBULIWA NA JAMBO HILI

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kubadili kalibu kunachukua dakika 240, yaani saa nne kamili. Ikiwa baada ya hapo presi itatoa vipande 100 tu kabla ya kubadilishwa tena, kila kipande kimebebeshwa sekunde 144 za mashine kusimama. Vikitolewa vipande 1,000, kila kimoja kinabeba sekunde 14 na kidogo. Ndiyo maana viwanda vingi huona ni heri kutengeneza lundo kubwa la kitu kimoja, kulijaza bohari, kisha ndipo kubadili.

Lakini lundo hilo lina gharama yake. Linataka nafasi na fedha, linapata kutu, na mteja akibadili nia halinunuliwi. Viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa na soko kubwa la aina chache za magari, kwa hiyo viliweza kuvumilia. Viwanda vya Japani baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 vilikuwa na soko dogo lililotaka magari ya aina nyingi. Havikuweza kutengeneza malundo. Vililazimika kutafuta njia ya kubadili kalibu upesi.

BOLTI ILIYOPOTEA HIROSHIMA

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu ni mhandisi Shigeo Shingo, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1990. Mwaka 1950 alikwenda kwenye kiwanda cha Toyo Kogyo huko Hiroshima, kilichokuwa kikitengeneza magari ya Mazda. Presi kubwa za kiwanda hicho zilisemekana kuwa zimelemewa na kazi, na wakuu walikuwa wakifikiria kununua nyingine. Shingo aliomba kwanza akae atazame kazi kwa muda.

Wakati wa kubadili kalibu kwenye presi ya tani 800, mfanyakazi mmoja alianza kukimbia huku na huku. Bolti moja ya kufungia kalibu ilikuwa haionekani. Aliitafuta kwa zaidi ya saa nzima. Mwishoni alirudi na bolti. Alikuwa amechukua bolti ndefu ya mashine ya jirani, akaikata, akaichonga meno upya. Shingo alijiuliza: na mashine ile ya jirani nayo itafanyaje siku yake ya kubadilishwa ikifika?

Angalieni, ndugu wasomaji. Mfanyakazi yule hakuwa mvivu. Alikimbia na kutoka jasho kuliko wote. Lakini presi ilisimama zaidi ya saa nzima kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba bolti ziko tayari kabla mashine haijasimamishwa. Kosa lilikuwa la mpango, si la mtu.

Hapo Shingo aliona kwamba kazi ya kubadili kalibu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kazi ya ndani, ile ambayo haiwezekani kufanywa mpaka mashine isimame, kama kutoa kalibu na kufunga nyingine. Ya pili ni kazi ya nje, ile inayoweza kufanywa mashine ikiwa bado inaendelea na kazi, kama kutafuta bolti, kuleta kalibu kutoka bohari, kunoa na kukagua. Kwa kuzitenganisha kazi hizo mbili tu, na kuandaa sanduku la bolti zilizopangwa, kiwanda kile kilizidisha ufanisi wa presi zake kwa karibu nusu.

KUTOKA SAA NNE HADI DAKIKA TATU

Mwaka 1969 Shingo aliitwa na kampuni ya Toyota. Presi yao ya tani 1,000 ilichukua muda wa saa nne kubadilishwa kalibu, na walikuwa wamesikia kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani inabadili presi ya namna hiyo kwa muda wa saa mbili. Baada ya miezi sita ya kutenganisha kazi za ndani na za nje, na kurekebisha kila moja, muda ulishuka hadi dakika 90.

Kisha wakuu wa Toyota wakataka ufike chini ya dakika tatu. Shingo akaona kwamba kutenganisha peke yake hakutoshi. Lazima baadhi ya kazi za ndani zigeuzwe kuwa za nje. Baada ya miezi mitatu lengo lile lilifikiwa. Njia hiyo aliieleza baadaye katika kitabu kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1985, akiwa na shabaha kwamba kila mabadiliko ya kalibu yaishe kwa dakika zisizofika kumi.

NJIA YENYEWE

Mambo makuu ya njia hiyo si ya ajabu. Fundi yeyote atayaelewa.

1. Vifaa vyote viwe tayari kabla mashine haijasimama. Iwepo orodha ya spana, bolti, vipimo na watu wanaohitajika. Kalibu inayoingia iwe imekaguliwa, imesafishwa na kuwekwa karibu na presi.

2. Kazi iliyokuwa ya ndani igeuzwe kuwa ya nje inapowezekana. Kwa mfano, kalibu ya kumwagia madini yaliyoyeyushwa, ambayo zamani ilipashwa moto ikiwa tayari imefungwa kwenye mashine, inaweza kupashwa moto kabla ya kuingizwa.

3. Vimo viwe sawa. Kalibu moja ikiwa fupi na nyingine ndefu, kila mara lazima pigo la presi lirekebishwe. Kalibu fupi ikiongezewa kipande cha chuma chini yake ili kimo chake kilingane na cha nyingine, marekebisho hayo hayahitajiki tena.

4. Bolti zipunguziwe kazi. Nati yenye meno kumi na matano huzungushwa mara kumi na tano, lakini kinachokaza ni mzunguko wa mwisho tu. Tundu likikatwa kwa umbo la peasi, upande mmoja mpana na upande mmoja mwembamba, bolti hulegezwa mzunguko mmoja, kalibu ikasogezwa na kutolewa bila ya nati kuvuliwa.

5. Kubahatisha kukome. Muda mwingi hupotea katika kujaribu na kurekebisha. Vikiwekwa vigingi, alama na vipimo vya kudumu, kalibu hukaa mahali pake mara ya kwanza.

6. Watu wawili wafanye kazi pande mbili za presi kubwa. Mtu mmoja akilazimika kuzunguka nyuma na mbele, muda mwingi huishia miguuni.

MFANO WA PRESI NDOGO YA MKONO

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya viwanda vikubwa tu. Huko Marekani wako wapiga shabaha na wawindaji wanaojaza upya maganda ya risasi kwa presi ndogo ya mkono inayofungwa mezani. Nayo ni presi ya hatua kwa hatua. Maganda yamekaa kwenye sahani ya duara. Mkono wa presi ukivutwa, kituo kimoja kinanyoosha ganda, kingine kinatia baruti, kingine kinaweka kichwa cha risasi, na kingine kinakikaza. Presi ikishajaa, kila mvuto hutoa risasi moja.

Mtu huyo akitaka kubadili kutoka kipimo kimoja cha risasi hadi kingine, ni lazima abadili kila kitu kinachogusa ganda: sahani inayolishika, kalibu zote, na mara nyingi kipimo cha baruti na sehemu inayotia fataki. Zamani alikaa akirekebisha kalibu moja moja. Watengenezaji wa presi hizo wakatoa kichwa kinachochomoka kikiwa na kalibu zake zote. Kila kipimo cha risasi kina kichwa chake kilichokwisha pangwa, na kubadili kumekuwa ni kuchomoa kimoja na kuchomeka kingine. Hiyo ni kazi ya ndani iliyogeuzwa kuwa ya nje.

Hata hivyo mwenye presi hiyo akiwa na haraka, akaacha baruti ya kazi ya kwanza ndani ya kipimo, au akasahau kupima upya kiasi cha baruti, risasi atakayoitengeneza yaweza kupasua bunduki usoni mwake. Kwa hiyo mwenye busara huondoa mezani baruti ya zamani kabla ya kuleta mpya, na hupima mjazo wa kwanza kwa mizani kabla ya kuendelea. Kupima huko hakupunguzwi hata kama mengine yote yameharakishwa. Hapo ndipo lilipo somo letu.

USALAMA HAUMO KATIKA HESABU YA KUOKOA MUDA

Tukirudi kwenye orodha ile ya mambo sita, hakuna hata moja linalosema: ondoeni kinga, msizime umeme, ingizeni mikono mashine ikizunguka. Msimamizi anayepunguza muda kwa njia hiyo hafuati utaratibu wa Japani wala wa mahali popote. Anafuata haraka yake.

Wafanyakazi wa presi wakumbuke mambo yafuatayo.

Kwanza, kuzima mota si kusimamisha presi. Presi nyingi zina gurudumu zito linaloendelea kuzunguka kwa muda baada ya mota kuzimwa, na nguvu iliyomo inatosha kushusha kichwa. Subirini lisimame kabisa. Hali kadhalika hewa au mafuta yenye mgandamizo ndani ya mabomba lazima yaachiwe.

Pili, kichwa cha presi kizuiwe kwa nguzo imara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kabla mtu hajaingiza mkono au mwili. Breki na klachi huchakaa. Uzito wa kichwa chenyewe unatosha kukata mkono hata kama umeme haupo.

Tatu, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule aliye ndani ya mashine. Watu wawili wakifanya kazi pande mbili, kila mmoja aweke kufuli yake. Jambo la sita katika orodha yetu linaokoa muda mwingi, lakini pia lina hatari kuliko yote, kwa kuwa wa mbele hamwoni wa nyuma. Isiwashwe presi mpaka kila kufuli imetolewa na mwenyewe.

Nne, kinga zirudishwe kabla ya kujaribu kipande cha kwanza. Wengi husema, "Ni kipande kimoja tu cha kujaribu." Presi haijui kipande cha kujaribu na kipande cha kuuza.

Mambo hayo si hisani ya mwajiri. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema kwamba mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake hazipo mahali pake, wala asilazimishwe kuitumia. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asipate madhara. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha. Katika nchi zetu, Tanzania ilitunga sheria yake ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Uganda mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007. Halmashauri ya wafanyakazi katika kila kiwanda iitafute sheria ya nchi yake na kuisoma.

FAIDA NI YA NANI?

Hapa linakuja swali la chama. Presi iliyokuwa ikisimama muda wa saa nne sasa inasimama dakika chache. Tija imeongezeka. Nani anapata faida yake?

Japani kwenyewe swali hili liliulizwa. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata aliajiriwa na Toyota kama kibarua wa msimu kuanzia mwaka 1972, akafanya kazi miezi sita. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1973 na kwa Kiingereza mwaka 1982, kilieleza kasi ya mstari wa kuunganisha, uchovu wa wafanyakazi na ajali zao. Kiwanda kile kile kinachosifiwa kwa mpango mzuri kilikuwa pia mahali ambapo dakika iliyookolewa iligeuzwa mara moja kuwa kazi zaidi.

Nasi jambo hili liko mlangoni petu. Mafunzo ya Kijapani ya kuboresha kazi, yajulikanayo kwa jina la kaizen, yameingia Afrika Mashariki. Ethiopia iliunda taasisi yake ya kaizen mwaka 2011, na Tanzania ilianza mradi wake kwa msaada wa Japani mwaka 2013. Si vema kuyapinga kwa sababu ni mageni, wala si vema kuyapokea kwa makofi bila kuuliza.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubali ni haya. Kiwango cha kazi kitapandishwa, na kama ndiyo, malipo yatapandishwa nacho? Wanaolipwa kwa idadi ya vipande watalipwa nini wakati wa kubadili kalibu, ambapo hawatoi kipande chochote? Mafundi wa kupanga mashine watapunguzwa? Kama kalibu itabadilishwa mara nne kwa siku badala ya mara moja, nani atainua vyuma hivyo mara nne, na winchi iko wapi? Na mapumziko ambayo mwendesha mashine aliyapata presi iliposimama yatawekwa wapi katika zamu? Majibu yaandikwe katika mkataba kati ya chama na mwajiri. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu.

NA MASHAMBANI PIA

Wenzetu wa mashambani wasidhani makala hii haiwahusu. Katika kiwanda cha chai, rola za mashine ya kukata majani huwa butu, zikatolewa ili zinolewe. Zikiwapo nyingine zilizokwisha nolewa na kupimwa, zimekaa tayari kando, kazi ya ndani ni kutoa na kuingiza tu. Zisipokuwapo, kiwanda husimama huku majani yakiharibika, na hapo ndipo amri ya kuharakisha huanza. Katika kiwanda cha katani ni hivyo hivyo kwa visu vya korona, na katika kiwanda cha sukari kwa visu vya kukatia miwa. Kila mahali swali la kwanza ni lile lile: ni kazi gani ingeweza kufanywa kabla mashine haijasimama, na kwa nini haikufanywa?

Tunawashauri wawakilishi wa wafanyakazi wafanye jambo moja. Siku mashine itakapobadilishwa, mmoja akae na daftari na saa, aandike kila dakika ilikokwenda: dakika ngapi kutafuta spana, ngapi kungoja kreni, ngapi kumtafuta mwenye ufunguo wa bohari, ngapi kufunga bolti, na ngapi kuweka kufuli na nguzo. Kisha orodha hiyo ipelekwe kwenye kikao na mwajiri. Itaonekana wazi ni dakika ngapi zilizopotea katika kutafuta na kungoja, na ni chache kiasi gani zilizotumika kwa usalama.

Basi siku msimamizi atakaposema kufuli inachelewesha kazi, fungueni daftari lile mbele yake na mhesabu pamoja.